Nilimfutia Juma Pointi

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie sababu. Naandika bila jina kwa sababu mpaka leo naogopa. Majina ya wengine nimeyabadilisha.

Nilikuwa nafanya kazi kwa shemeji yangu kule Kariobangi, Nairobi, tukichomelea milango na madirisha. Nitamwita Wafula. Ndiye aliyemwoa dada yangu, ndiye aliyenipa kazi nilipotoka Bungoma mikono mitupu, na nilikuwa nalala sebuleni kwake.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunacheza poka pale karakana. Si ya pesa, jamani! Ni ile ya mtaani, ya kumaliza kadi zote mkononi. Tulijitengenezea ligi: anayemaliza wa kwanza pointi tano, wa pili tatu, wa tatu moja. Atakayeongoza mwisho wa msimu angekuwa kapteni wetu tukienda kucheza na watu wa mtaa wa Umoja. Kwa vile mimi sikuwa mchezaji wa maana, nilipewa chaki. Jedwali tulilichora kwenye mlango wa chuma ambao mteja alikuwa amekataa kuuchukua.

Wafula aliutaka ukapteni kama mtoto anavyotaka soda. Alishautangazia mtaa mzima. Lakini kulikuwa na Juma, kibarua wa kiwandani, kijana mpole aliyekuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga. Mtaani kwetu hakujulikana na mtu ila sisi wacheza karata. Alikuwa anasema "niko kadi", yaani amebakiza ya mwisho, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi, halafu anamaliza. Taratibu akampita Wafula.

Hakuna aliyenituma. Hilo ndilo linaniuma. Katikati ya wiki, nikiwa peke yangu, nilifuta ushindi mmoja wa Juma kwa kidole nikamwandikia Wafula. Wiki iliyofuata nikarudia. Nilijiambia ni karata tu, nani atakufa?

Jumapili ya mwisho Juma alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa adabu mbona amepungukiwa, na akataja michezo aliyoshinda na waliokuwa mezani. Hakukosea hata mmoja. Nikamwona Wafula ananitazama. Nilijiona nimefukuzwa kazini na nyumbani siku hiyo hiyo.

Nikasema nilimkata pointi kwa sababu nilimwona akificha kadi. Uongo mtupu.

Juma akanikaribia. "Kaka, niangalie usoni halafu useme tena."

Sikuweza kumwangalia. Nikapiga kelele, "Huyu ni mwizi! Mwizi!"

Ndugu msomaji, kama unaishi mitaa hii ya Eastlands unajua neno hilo linafanya nini. Lango la karakana lilikuwa wazi na soko la mbele yake limejaa. Mtu wa nje akalidaka, wa pili akalipaza, mara barabara nzima ikawa inaliimba. Juma alisikia, macho yakamtoka, akafanya kitu ambacho hata mimi ningefanya. Akakimbia. Hapo basi. Anayeitwa mwizi halafu anakimbia haulizwi chochote.

Niliwafuata nyuma. Nikaona watu nisiowajua wakiokota mawe na vipande vya chuma. Nikamwona mwanamume mmoja akiviringisha tairi kuukuu, hana haraka, kama anayelipeleka kuzibwa. Nilitaka kusema ni mchezo tu. Badala yake nikaendelea kuwafuata.

Juma alianguka karibu na kibanda cha Mama Achieng', muuza samaki, damu zikimtoka sikioni. Yule mama alimvuta ndani kwa kola ya shati, akatoka nje na kufunga mlango, akasimama hapo mbele na kisu cha kuparia samaki mkononi.

"Ameiba nini?" akawauliza. "Aliyeibiwa ajitokeze aseme."

Watu wakaanza kutazamana. Mimi nilikuwa pale pale, karibu kiasi cha kuona magamba kwenye aproni yake. Alizungusha macho, yakanipita. Nikainamisha kichwa. Niliogopa kwamba nikisema ukweli, lile tairi litakuwa langu.

Aliyemwokoa ni Wafula. Alifika anahema, akajipenyeza katikati yao, akasema yule ni mgeni wake, ugomvi ni wa karata na hakuna kilichoibwa. Alirudia mpaka wakamsikia. Wakatawanyika polepole, wengine wanacheka.

Juma alivunjika mkono, na lile sikio halikusikia tena. Nilimpelekea mkate na maziwa hospitalini. Nasema ukweli, haikuwa huruma. Nilienda kumbembeleza asinitaje kwa polisi. Wala hakuwazungumzia polisi. Aliniuliza kitu kimoja.

"Usingefuta, ningekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikasema.

Akageukia ukutani.

Niliporudi hospitalini nikaambiwa ameshatoka. Kiwandani hawakumchukua tena, mkono ule haukuweza kubeba magunia. Nilimuulizia Mukuru, kila mtu akanipa jibu lake.

Wafula hakunifukuza. Jioni moja mezani, dada yangu akiwa jikoni, aliniuliza kama nilifanya vile kwa ajili yake. Nikaitikia. Akasukuma sahani yake mbali, na tangu siku hiyo hajala na mimi. Nilihama mwenyewe, nikapanga chumba upande wa Embakasi. Dada hunitembelea kwa kujificha.

Hofu nimehama nayo. Mtu akipaza sauti sokoni, najificha dukani. Nikisikia hatua nyuma yangu, nageuka. Naogopa kukutana na Juma, na naogopa zaidi kwamba atanisalimia.

Kwa hivyo nyinyi mnaowaandikia wenzenu alama, iwe ni mpira wa mtaa, kwaya au karata, andikeni mlichokiona. Ukikosea, kubali hapo hapo, ungali mbele ya watu wanaokujua. Na lile neno, nakuomba, usilitoe mdomoni ili kujiokoa. Mimi nililitoa ili nisipoteze mahali pa kulala. Kidogo mtu achomwe moto mchana, umati ukitazama, na mimi nikiwa mmoja wao.