Mstari Uliopita Ndani ya Nyumba ya Aslaug

Aslaug Brekke alikuwa akikanda unga tangu asubuhi, na aliendelea kuukanda ingawa ulikwisha kulainika zamani. Macho yake yalikuwa dirishani. Kule mbugani wanaume wawili walivuta mnyororo wa kupimia ardhi, wakiinama na kuinuka, na kila walipoinuka walikuwa wameikaribia zaidi nyumba yake.

Nebraska nzima iliijua habari ya miraba. Serikali ilikuwa imeigawa nchi kama ubao wa dama: mraba mmoja kampuni ya reli ilipewa, iuuze ipate uwezo wa kutandika chuma hadi magharibi; mraba wa pili ni wa yeyote atakayejenga, akalima, akaishi hapo miaka mitano. Ukikosea mpaka, watu walitaniana, umekuwa mpangaji wa garimoshi.

Marehemu Eivind, mume wake, aliukosea. Hakuwa na mnyororo. Alifanya kama wenzake wengi waliotoka Norwei: alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la gari la ng'ombe, akaanza kuhesabu mizunguko kutoka kwenye jiwe la mpaka lililokuwa pembeni mwa mraba. Siku hiyo majani yalikuwa yameloa, na gurudumu liliteleza mara nyingi kuliko lilivyozunguka. Gari likaenda mbali kuliko hesabu yake. Eivind akajenga pale alipodhani mpaka haujafika, karibu na kijito, kuta za mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake. Kabla theluji ya kwanza haijaanguka, homa ya mapafu ikamchukua.

Sasa miaka mitano ilikuwa inatimia, na kampuni ilikuwa imeomba mpaka upimwe upya.

Torbjorg, jirani yake mwenye ulimi mkali, alikuwa amemshauri alihamishe lile jiwe la mpaka usiku, ili mstari usiiguse nyumba. Aslaug alikwenda kweli. Alipiga magoti, akaliwekea mikono, akahisi lilivyokuwa baridi, kisha akarudi nyumbani bila kulisogeza.

Mnyororo ulifika ukutani. Mpima ardhi alivua kofia, akaomba radhi, akaingia na kuvuta uzi kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Jiko, meza na benchi vikabaki upande wa Aslaug. Kitanda kikawa upande wa kampuni.

Bwana Pruitt, mtu wa kampuni aliyekuwa ameingia nyuma yake, aliutazama uzi ule kwa muda. Hakuwa mkali, na upole wake ndio uliomtisha Aslaug zaidi.

"Mtu huishi pale anapolala, Bibi Brekke," alisema. "Wewe umelala kwetu miaka yote hii. Sheria inasema uishi kwenye ardhi unayoiomba."

Torbjorg alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake la mayai.

Aslaug alifuta unga mikononi. Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa jambo alilochekewa kila Jumapili nje ya kanisa, na hakupenda kulitamka mbele ya wanaume wageni.

"Silali pale," alisema.

Pruitt akauliza analala wapi basi. Aslaug akaonyesha benchi kando ya jiko. Pruitt akatabasamu kidogo, akasema kila mtu angesema hivyo leo.

"Wee bwana, usimcheke," Torbjorg akadakia. "Kaulize kanisa zima. Mimi ndiye niliyewatangazia. Bibi harusi wa jiko, ndivyo ninavyomwita. Namwambia kila siku, shoga, kitanda kizima unakiachia viazi? Hanisikii."

Mpima ardhi aliinua blanketi la kitandani. Chini yake kulikuwa na viazi vya mbegu, vitunguu vilivyofungwa mafungu na jozi ya buti za mwanamume. Godoro la majani lilikuwa limebonyea chini ya viazi, wala hapakuwa na dalili ya mtu kulala juu yake.

"Aliyelala kwenye ardhi yenu ni Eivind peke yake," Aslaug alisema. "Alilala pale kitandani akiugua tangu usiku wa kwanza. Mimi nilikuwa hapa benchini, nachochea moto asipate baridi. Baadaye sikuweza kuhama."

Birika lilichemka mpaka likaanza kumwagika, na Torbjorg ndiye aliyekwenda kuliondoa.

Mwishowe Pruitt akavaa kofia. Shamba ni la Aslaug, alisema, na hatampinga katika ofisi ya ardhi. Ila upande ule wa nyumba wenye kitanda uko kwenye mraba wa kampuni, na lazima ubomolewe.

Majirani walikuja na majembe kabla ya baridi, wakauvunja ukuta na kujenga mwingine ndani ya mpaka. Nyumba ikawa ndogo, na nafasi ya kitanda ikabaki moja tu, ubavuni mwa jiko. Torbjorg alishika mguu wa kitanda huku, Aslaug kule, wakakiburuta.

"Sasa utalala kama watu?" Torbjorg akauliza, akihema.

Aslaug alizichukua buti za Eivind, akaziweka chini ya benchi, kisha akaanza kuondoa viazi.