Kijiti cha Kupimia Viatu

Harufu ya maji moto yenye chumvi hunirudisha jikoni kwa mama, kidole gumba cha mguu kikiwa kimevimba, kucha imezama nyamani. Mama alikuwa amepima mguu wangu kwa kijiti, akangoja miezi kadhaa bonasi ya chai, malipo ya mwisho wa mwaka ya majani tuliyouza kiwandani. Ilipokuja, akaninunulia viatu kwa kipimo kilekile, na mguu ulikuwa umeshakua. Nilivivaa kimya hadi nikaanza kuchechemea.

"Mbona hukusema?" aliniuliza, akiloweka mguu wangu kwenye karai.

"Ni vipya, mama."

Akainua pembe ya kucha, akapenyeza pamba chini yake taratibu. "Hatuikati. Tutaiacha ikue ipite juu ya nyama."

Kisha akachukua kile kijiti dirishani, akakivunja, akakisukuma motoni chini ya sufuria.