Boti Iliyozama Kwenye Maombi

Aibu hii siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama, kwa hiyo niruhusuni niketi kwanza. Nina boti ndogo ya injini ninayoiweka kwenye bwawa nje ya Eldoret (najua bahari iko mbali, nimechekwa vya kutosha), na kila Jumamosi huikagua: betri, mafuta, kamba, na kile kizibo cha chini ninachokifungua ikiwa nchi kavu ili maji ya mvua yatoke.

Jumamosi moja mke wangu akamwalika mama yake kutoka Turbo, pamoja na mchungaji, kwa kuwa kwetu chombo kipya hakijawa chako mpaka kiombewe. Walinikuta bado namwaga maji, nami, badala ya kumaliza ukaguzi, nikatia kizibo mfukoni, nikavaa koti, nikajifanya nahodha.

Sasa, kwa mila ya kina mke wangu, mkwe na mama mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani. Basi Mama akaketi mbele, mimi nyuma, mchungaji katikati kama ukuta, mke wangu akabaki ukingoni akipiga picha. Tulipofika mbali kidogo nikazima injini, tukafumba macho, mchungaji akaombea boti, injini, samaki, serikali, na miguu yangu ikalowa. Nikadhani ni upako. Upako ulipofika magotini nikakumbuka kizibo, lakini nani hukatiza maombi mbele ya mama mkwe?

"Mchungaji," nikanong'ona, "sema amina."

"Usimzuie Roho!" akafoka, macho yamefumbwa.

Boti ikajisemea amina yenyewe.

Mchungaji akashika njia ya ukingoni, maji kifuani, Biblia kichwani, wala hakugeuka. Mama, ambaye ni mfupi na hajui kuogelea, aling'ang'ania ncha ya boti iliyokuwa bado juu. Nikamsogelea.

"Usiniguse!"

"Mama, utakufa maji!"

"Heri maji kuliko hiyo aibu!"

Ncha nayo ikazama. Akameza maji mara moja tu, na kufumba na kufumbua alikuwa mgongoni mwangu, amenikaba shingo. "Tembea! Na usigeuke!"

Nilipomfikisha ukingoni watu walipiga makofi. Alinipa kisogo, akamwambia binti yake: "Mwambie bwanako asante. Mwambie pia ana mifupa."

Tangu hapo nimeapa: boti ikaguliwe kwanza, iombewe baadaye, tena ikiwa nchi kavu. Mama naye hadi leo hanipi mkono. Mila ni mila, asema, na mgongo si mkono.