Djamila Asiyeitika

Wakati wa vita, Mwanamisi alikuwa akianika ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, ufukweni Kalemie, na binti yake Djamila akicheza nyuma yake. Alimwita, mtoto hakuitika. Jirani yake Laure alicheka: “Mama, huyu malkia wako anangoja apigiwe ngoma!”

Mwanamisi aliona haya, akampiga mtoto kofi. Kwao, mtoto asiyemwitika mama yake amekosa adabu, na adabu hurudishwa kwa mkono. Kofi likawa la kila siku. Watu wazima tuna haraka ya kuhukumu kabla ya kuchunguza, na hilo ni kosa hata wakati wa vita.

Alipoona kofi haliponyi kiburi, alidhani ni uchafu wa sikio, akatia mafuta ya mawese ya vuguvugu. Hayakufaa. Ndipo akampeleka kwa muuguzi, Papa Isidore, aliyemulika masikio yote mawili.

“Mama, huyu mutoto hana kiburi, hasikii vizuri. Ni maji yamejaa nyuma ya ngozi ya ndani ya sikio. Mafuta hayafiki kule, usitie tena.”

“Dawa iko?”

“Mara nyingi yanakauka yenyewe, kwa miezi. Yakikawia, daktari anatoboa ngozi hiyo kidogo na kuweka kamrija ka kutoa maji. Lakini daktari huyo yuko Kigoma, ng’ambo, na vita imefunga ziwa. Ungoje. Umuongeleshe uso kwa uso. Na usimupige.”

Mwanamisi alingoja kwa hofu. Mvua zilipoisha, alimwita kwa sauti ndogo kutoka nyuma.

“Abee, mama,” Djamila aliitika, na kabla ya kugeuka alikuwa ameshafunika mashavu kwa mikono.