Pedali Laini na Mama Yake Mwanakheri

Nyie chekeni tu, mie haya zangu nshazizoea: dereva mzima wa lori, mtu wa Kikwajuni, nimemfokea mbele ya wanawake wa Jambiani mtu ninayeomba awe mama mkwe wangu. Posa ya Mwanakheri ilikuwa ndiyo kwanza imepelekwa, majibu hatujapata, na mwenye kusema ndiyo au hapana ni mamake, Bi Mize.

Niliposikia anatafuta gari la kuleta mwani wake mjini, nikajitolea mbio. Sasa lori langu (kongwe, lakini lina subira) jana yake nilikuwa nimelifungua gurudumu la nyuma nikabadilisha mpira wa breki, na ukishafungua pale lazima utoe upepo kwenye mabomba, la sivyo pedali inakuwa laini, unakanyaga inazama. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja juu akanyage, mmoja chini afungue na kufunga nati ya kutolea upepo, na mimi nilikuwa peke yangu, magharibi ishaadhiniwa. Nikasema, ah, nikikanyaga mara mbili tatu inashika, yatosha.

Jambiani nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Gari zima, baba?"

"Zima mama, halina neno."

Nikaegesha pale panapoteremkia pwani, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu (breki ya mkono ilishakufa zamani), tukapakia magunia. Kujaribu pedali, inakwenda mpaka chini, naikanyaga na kuikanyaga haishiki. Wanaume hapana, ni akina mama tu wanaanika mwani. Bi Mize akasema atakanyaga yeye.

Jamani, kazi ile ina lugha yake: kanyaga, shikilia, achia. Lakini mimi nitamwambiaje mama yake Mwanakheri "kanyaga"? Nikawa nimelala chini nasema, "Mama, samahani sana, kama si taabu, naomba ushikilie hapo hapo mpaka nikwambie," na kabla sijafika kwenye "nikwambie" yeye ashachoka kaondoa mguu, nati iko wazi, upepo wote unarudi ndani. Akanambia kwa upole, "We mwana, sema neno moja." Nikamjibu, "Ndiyo mama, samahani mama."

Mwishowe nikajidanganya kuwa imekaa sawa. Nikamwomba akanyage, nikatoa jiwe nitazame kama breki inashika. Haikushika. Lori likaanza kurudi nyuma taratibu, halina haraka, Bi Mize ndani yake, linaelekea kwenye mwani wa mtaa mzima ulioanikwa juu ya maturubali, akina mama wanakusanya kanga zao wanapisha. Nami nakimbia ubavuni, adabu yote imenitoka, "Kanyaga we, achia, kanyaga tena, we mwanamke husikii?"

Akakanyaga, akaachia, akakanyaga, likashika, likasimama katikati ya mwani wa watu. Mmoja katika wale akina mama akasema, "Kumbe sauti anayo," wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi natamani ardhi ipasuke nizame.

Nikaanza kuomba radhi. Bi Mize akashuka, akajifunga kanga vizuri, akasema kufokewa si neno, tena ningefoka mapema tungeshamaliza.

"Lakini nilikuuliza kama gari zima. Ungenambia bovu, ningekupikia chai tukangoja fundi. Sasa mwanangu nikikupa, siku akiumwa nikakuuliza, utanambia mzima?"

Nikaokota mwani na wale akina mama mpaka alasiri, na posa yangu nikaihesabu imekwenda na maji. Toka siku ile mtu akiniuliza hali ya gari namtajia maradhi yote, hata kama ataniacha akapande jingine.

Juzi simu ikalia, Bi Mize mwenyewe, anauliza lori limepona?

Nikasema, "Bado mama, upepo umetoka, lakini pampu nayo inavuja."

"Haya," akasema, "waambie wazee wako waje Ijumaa."