Hodi Kwenye Kichaka

Miaka ya hamsini, kwetu kwenye vilima vya Nyamitaba, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa moja. Papa, baba yangu, akikamua, mimi nasimama kando ya ng'ombe na tawi la majani, nafukuza nzi. Ng'ombe akisumbuliwa na nzi hupiga teke, na maziwa ya kuuza yanaishia matopeni. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, mvivu kupindukia, ila nilikuwa na msaidizi: ndege mdogo wa kijivu, mwenye kishungi, aliyeishi kwenye vichaka nyuma ya zizi. Alitanua mkia, akageuka huku, akageuka kule, na nzi niliowakosa mimi aliwadaka yeye hewani. Nilimpenda sana, sina namna nyingine ya kusema.

Tawi nililikata upya kila siku kwenye vichaka hivyohivyo. Asubuhi moja nikavunja la karibu bila kutazama. Nilipoliinua nipunge ndipo nikaona kiota, kidogo kama kikombe, na ndani yake mayai mawili. Nikakimbia kulifunga lile tawi kwenye shina lake kwa kamba ya mgomba. Niliporudi, ng'ombe alikuwa ameshapiga teke, na Papa ameloa maziwa mpaka ndevuni.

"Weye unachunga ngombe ao unachunga ndege?"

"Papa, niko naogopa mama yao hatarudi."

"Umemuvunjia nyumba bila hata hodi! Hata miye singerudi."

Akacheka, akajipangusa. Mimi sikucheka.

Kutwa nzima nililala kifudifudi majanini, macho kwenye tawi. Jua likielekea kuzama, ndege wangu akaja, kishungi wima, akaikagua kamba yangu fundo kwa fundo, kisha akaketi juu ya mayai. Nikapiga kelele za furaha, akaruka tena! Nikajiziba mdomo mpaka aliporudi.

Tangu hapo sikukata tawi bila kupiga hodi kwanza. Papa alinicheka mbele ya majirani wote.

Kisha nikashikwa na homa, nikabaki kitandani. Asubuhi ya pili, kupitia ukuta wa miti, nilisikia hatua za Papa zikielekea vichakani, zikasimama. Halafu sauti yake, ya chini, ya mtu anayedhani hakuna anayemsikia:

"Hodi, Mama. Ni miye tu. Mutoto iko mugonjwa."