Fundi Kesho Amaliza Nguo Zote

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na hakuwa na haki ya kulalamika. Sare ya shule ilitoka kwake mtoto ameshaizidi kimo; gauni la harusi lilishonwa vifungo bibi harusi akiwa amelivaa, gari linapiga honi nje. Ndiyo maana alipompigia simu mwalimu mkuu kumwambia kwamba suti iko tayari, siku tisa kabla ya ahadi, mwalimu aliuliza, "Wewe nani? Umeiba simu ya fundi?"

Hakuwa mwizi. Alikuwa fundi mwenyewe, mwenye kifafa tangu utotoni, katika wiki ya tano ya vidonge vipya. Vya zamani vilimwacha aanguke juu ya cherehani mara mbili. Hivi vipya viliushika ugonjwa barabara, hakuanguka hata mara moja. Ila miguu haikutulia tena. Alikanyaga pedeli hata pasipo kitambaa. Alipanga nyuzi kwa rangi, akazipangua, akaenda mlangoni kuchungulia, hakuna kitu, akarudi.

Wateja walishangilia. Mwenye nyumba alishauri dawa hiyo wapewe mafundi wote, waanze na wa mabomba.

Alhamisi, saa ya mapumziko, dada yake mkubwa, karani wa shule, alipita kuulizia sketi aliyoileta mwaka juzi. Akaikuta imepigwa pasi na kukunjwa. Rafu nzima hivyo hivyo, kila furushi na jina la mwenyewe. Pembeni kulikuwa na mkasi ambao fundi hakuruhusu mtu hata aupumulie, umefungwa kwenye gazeti lililoandikwa: Dada.

"Mkasi wa nini? Mimi hata kucha nakata upande."

"Chukua tu. Sitaki kuacha vya watu vimezagaa."

"Kuacha unakwenda wapi?"

Pedeli inakwenda, sindano inashona hewa.

Dada akauweka mkono wake juu ya gurudumu, likasimama. "Mdogo wangu, unafikiria kujiua?"

"Dada bwana! Maneno gani hayo mchana kweupe?"

"Ya Kiswahili. Nijibu."

Akajikuna shingo. "Yanakuja yenyewe. Sikuyaita. Nikasema nimalize kwanza nguo za watu. Zimebaki suruali mbili."

Karani huyo, mwanamke wa kilo zake, akazichukua suruali zote mbili, akazikalia. "Hizi hazishonwi leo." Akiwa amezikalia hivyo hivyo akapiga simu kliniki.

"Basi naacha vidonge sasa hivi," fundi akasema.

Sauti ya muuguzi ikamwahi kwenye simu: "Usithubutu! Ukikata ghafla utaanguka vibaya zaidi. Njooni sasa, na usimwache peke yake."

Kliniki walipitishwa mbele ya foleni. Muuguzi akaeleza kwamba dawa za kifafa, kwa watu wachache, huleta mahangaiko na mawazo ya namna hiyo. Daktari angembadilishia dawa polepole, na kwa sasa fundi angelala kwa dada yake.

"Mbona hamkuniambia?"

"Imeandikwa kwenye ile karatasi ya ndani ya pakiti."

"Ile?" Fundi akaona haya. "Ilikuwa laini, nikaikatia kipimo cha kola."

Dada akafumbua mdomo amtukane, muuguzi akamzuia. "Na mimi nina kosa langu. Kila akija namuuliza ameanguka mara ngapi. Akisema sijaanguka, naweka tiki, naita mwingine. Fomu haina mahali pa kuuliza moyo unaendeleaje." Akaigeuza fomu upande mweupe. "Hayo mawazo, hapa ulipo, yapo?"

"Yapo," fundi akasema. Akainuka, akalizunguka benchi, akaketi, akainuka. "Naweza kusema nikiwa natembea?"

"Tembea."

Akaanza tangu wiki ya kwanza. Muuguzi akafunga mlango, foleni nje ikaguna, naye akawa anaandika.